Ua Nalo Huua

Jumatatu, 4 Machi

Mzee wangu hakushona leo. Kidole gumba cha mguu wa kukanyagia cherehani kimevimba, chekundu kama kimepakwa rangi — hata shuka ikikigusa anapiga yowe! Jongo, daktari kasema. Na gauni la arusi la mjukuu wetu liko mezani, limekatwa, halijaungwa. Zimebaki siku kumi na mbili.

Binti wa duka la dawa katupa vidonge vidogo mno. Anasema asili yake ni ua. Mzee kacheka — aa, ua tu, maua hayana neno! Binti hakucheka. "Babu, ua hili ukilizidisha, linaua." Nimempenda papo hapo. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, basi. Maumivu yakizidi, asiongeze. Akiharisha au akitapika, aache, arudi mbio. Dawa nyingine yoyote — kwanza aulizwe yeye.

Jumanne, 5 Machi

Huyu mtu namjua miaka arobaini na sita. Chumvi hutia kwa kiganja. Basi nimeshona utepe wa vijifuko, kila kidonge na chumba chake, nikatarizi A ya asubuhi, J ya jioni. Shule sikuitia mguu. Herufi zangu nilizipata kwa kutarizi majina kwenye sare za watoto wa watu. Leo zimenifaa!

Mzee kauliza, siku hizi hata vidonge vinashonewa nguo? Nikamwambia ndiyo, na wewe nitakushona mdomo.

Alhamisi, 7 Machi

Uvimbe umeshuka. Kailalamikia chai. Kumbe mzima.

Jumamosi, 9 Machi

Karudi kwenye cherehani! Anakanyaga kwa mguu wa kushoto, anautukana uzi. Kiuno cha gauni kimeungwa. Nimekaa kusikiliza mlio ule tu, moyo umetulia.

Fundi viatu, rafiki yake, kaja kuomba viwili, eti naye kidole chamuuma. Mkono wa Mzee ulishafika kwenye utepe! Nimeuchapa kwa futi ya mbao. Gawaneni umbea, dawa hapana. Fundi nimemfukuza aende kwa daktari — baada ya kumpa chai.

Jumapili, 10 Machi

Mzee anakohoa. Mjukuu kaja na vidonge vyake vilivyobaki alipougua kifua. "Bibi, hivi vya kifua, kidole vinakihusu nini?" Nimemwambia vyote vinapita mlango mmoja, tumboni vitakutana tu. Kanuna. Bibi arusi na mdomo mrefu vile! Duka la dawa limefungwa. Mzee nimempa maji ya moto, pakiti nimeichukua.

Jumatatu, 11 Machi

Naandika kwenye benchi la duka la dawa. Binti kaisoma pakiti, uso ukambadilika. "Bibi, amekunywa hivi?" Hajakunywa. Kashusha pumzi. Anasema hivi vikikutana na vya ua, vya ua havitoki mwilini, vinajazana mpaka sumu — hata kama mtu hakuzidisha. Nikakaa.

Sasa anampigia daktari, amuulize kikohozi kitibiwe kwa dawa gani. Simu inaita. Gauni limebaki mikono miwili.

Kaniuliza, na vile vya ua, umemwachia Babu nyumbani? Nimetia mkono kifuani, nikamtolea utepe wote, mpaka J ya mwisho. Mzee wangu nampenda. Kumwachia vidonge — ng'o!