Binti Yangu Amekuwa Mama Mkwe Wangu

Mpendwa Mshauri, nisaidie kabla mwezi haujaisha, maana mimi ni mama wa Naro Moru niliye na binti mwenye akili kuliko wasichana wote kutoka hapa mpaka Nyeri, na sisemi hivyo kwa sababu nilimzaa, hata mwalimu mkuu alisema mbele ya watu, na sasa akili hiyo imenigeukia. Anaitwa Murugi, na kwa desturi yetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, kwa hivyo mume wangu Hezekiah humwita "mama" tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na huyo cucu mwenyewe, yaani nyanya yake, ambaye yuko hai na meno sita, humshika mkono akiwaambia wageni ati huyu ndiye mimi. Tulikuwa tunacheka tu. Basi Murugi akaitwa chuo kikuu Nairobi kusomea udaktari, wa kwanza upande wetu tangu tupate Uhuru, nikatangaza sokoni, nikatangaza kanisani, hata Bwana Samatar mwenye duka kule Nanyuki nilimwambia na nilikuwa nimeenda kununua chumvi, halafu wiki jana msichana akaleta fomu ati anataka kubadilisha asome falsafa, kwamba huko wanauliza mtu ni yule yule kwa sababu gani. Nikamwambia wewe ni mtoto wangu na utakuwa daktari. Akatabasamu.

"Baba huniita mama yake. Cucu anasema mimi ndiye yeye. Basi wewe, mama, unabishana na mama mkwe wako."

Mshauri, nilirudi kukoroga chungu kwa mwiko wangu, maana tangu niolewe sijawahi kumjibu mama mkwe. Nikamwendea Hezekiah, kumbe ametia sahihi tayari, ati hawezi kumkatalia mama yake. Nikamwendea cucu, akacheka mpaka akakohoa, akasema kama yeye ndiye Murugi basi ameshaamua, na masomo yanaanza lini. Fomu inatakiwa chuoni mwezi huu, nami nimeificha ndani ya debe la maharagwe. Je, huyu ni mtoto ninayeweza kumkataza, au ni nani?

Mama Murugi, Naro Moru

Mama Murugi,

Nimecheka, kisha nikakukasirikia kidogo. Hongera kwa kuzaa kichwa kama hicho, sasa kivumilie.

Jina moja si mtu mmoja. Kama ni mmoja, mpeleke cucu akakae darasani, na Murugi apewe yale maumivu ya magoti. Desturi yenu ni ya kumheshimu mzee asisahaulike, haikuwekwa kuamua nani asome nini. Kwa hivyo tulia, hukubishana na mama mkwe. Ulibishana na binti yako, na akakushinda.

Unauliza kama bado ni mtoto. Maziwa yakilala kwenye kibuyu, hakuna anayeweza kutaja saa yalipogeuka, lakini ukionja unajua. Wewe umeshaonja.

Hezekiah anamchanganya binti na mama yake, na hilo ni kosa la upendo. Lako ni kubwa zaidi: unamchanganya na wewe mwenyewe. Ni nani hasa aliyetaka koti jeupe la daktari, Mama Murugi? Ni nani aliyekuwa akilivaa sokoni?

Chambua maharagwe leo, toa fomu, ipanguse. Ipeleke posta kwa miguu yako, na usimtume Murugi yeyote kati ya hao wawili.