Gari Limeinuliwa, Safari Haijaanza

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijaharibu kilichobaki, mimi ni mpima ardhi mstaafu, mke wangu alifariki mwaka juzi, na binti yangu wa pekee ni muuguzi kwenye zahanati iliyo ng'ambo ya kilima cha mawe, amejifungua mtoto wa kwanza akaniita, nami nikasema ngoja niliandae gari, nikaweka springi nzito, kisha shokapu ndefu, kisha matairi makubwa, na tangu hapo klachi zinaungua, hii ni ya tatu, kila nikiahidi kwenda naishia gereji, ambako wananiita Mzee Springi na kunisogezea benchi, na wiki iliyopita fundi aliniambia mbele ya watu, "Mzee, gari hili lilikuwa zima kabla hujalitibu. Matairi haya yanailemea klachi, na mguu wako haubanduki kwenye pedali yake hata njia ikiwa tambarare. Unaogopa nini?" wakacheka, nami nikacheka, lakini nyumbani sikuwa na wa kumsimulia, na ukweli ni kwamba mama yake ndiye aliyekuwa akizungumza na binti, mimi nilishika usukani tu, na juzi nilipompigia kuahirisha tena akasema, "Baba, usijisumbue," akakata simu, sasa nifanyeje, nitafute klachi ya lori?

Mzee Springi

Pole kwa msiba, mzee wangu. Pole yangu inaishia hapo.

Habari za klachi fundi ameshakujibu, tena vizuri. Kilima hicho magari ya kawaida hukipanda kila wiki, la sivyo zahanati isingekuwa na dawa. Kinachokushinda ni sebule ya binti yako, maana humo hamna usukani. Wanaume wa aina yako mnamaliza mapenzi yote kwenye chuma, kisha mnashangaa nyumba imenyamaza. Na hilo "usijisumbue" usilichukue kama ruhusa. Ni kauli ya mtu aliyechoka kuchungulia barabarani.

Rudisha springi na matairi ya mwanzo. Funga klachi ya kawaida, na mguu wa kushoto uutoe kwenye pedali, uupumzishe sakafuni. Jumamosi hii nenda. Gari likigoma, omba nafasi kwenye gari linalopeleka dawa zahanati. Usimpigie kwanza, kwa kuwa simu ndiyo silaha yako ya kuahirishia.

Ukifika hutajua la kusema. Mwambie hivyo hivyo: "Mwanangu, mimi sijui kuzungumza, nimekuja." Kisha mpakate mjukuu, unyamaze. Binti ana mengi ya kukulaumu. Usiinuke mpaka amalize.