Yale Hayakuwa Maji Tu

Misugusugu,
S.L.P. 61,
Kibaha.

9 Februari, 1975

Mpendwa mdogo wangu Bernard,

Marahaba, ingawa shikamoo yako sijaipata tangu ulipoondoka hapa bila kuaga. Hujambo? Kristina na watoto hawajambo? Huko Mbeya mvua zinawaendeaje? Sisi tu wazima wa mwili. Mume wangu Felician kifua kimepona. Vuli ilitutupa, tunakula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, kama watu wote, na muhogo wa shamba la Mama kule Maneromango ndio unaotusitiri.

Salamu zimekwisha. Sasa nisikilize, maana nimekasirika na sitazunguka.

Ulipohamia Baptisti hukusikia neno kwangu. Mtu mzima huchagua mwenyewe pa kusali. Lakini Krismasi ulikuja na ile chati yako, ukaipigilia ukutani sebuleni kwangu bila hata kuniuliza. Mstari mrefu kutoka Yordani hadi kanisani kwenu, na vidoa vyekundu vya damu ya mashahidi. Ukamsimamisha Mama mbele yake kama mtoto wa darasa la pili, ukamwambia kanisa lenu lilianzishwa na Yohana Mbatizaji na halijakatika hata siku moja, na kwamba sisi Walutheri ni wa juzi tu, tumetoka kwa Papa, kwa hiyo ubatizo wetu si ubatizo.

Mimi ni mwalimu, Bernard. Mtu akinichorea mstari wa miaka karibu elfu mbili, nauliza umeshikiliwa na nini. Nilipanda basi mpaka Dar es Salaam kumwona mchungaji wa dhehebu lako mwenyewe, si letu. Mzee mpole. Akaniambia wapo Wabaptisti wanaouamini mnyororo huo kwa moyo wote, ila yeye na wenzake wengi hawaukubali. Wao wanajua walianza kwa Waingereza waliokimbilia Uholanzi, miaka mia tatu na kitu iliyopita. Nikamtajia wale watu wa kusini mwa Ufaransa uliowaweka katikati ya chati. Wale, akasema, walikataa hata maji yenyewe. Huyo ndiye babu yako wa imani, mtu asiyebatiza kabisa! Kanisa lenu lina mema yake. Kwa nini ulibandike ndevu za uzee?

Ningecheka, kama si Mama.

Labda umesahau, ulikuwa na miaka minne. Mdogo wetu Yosefina alizaliwa kabla ya siku zake, kule Maneromango, wakati wa masika, mto umefurika na mchungaji yuko ng'ambo. Jirani yetu Bi Kidawa, Mwislamu, ndiye aliyeteka maji akaleta na kikombe. Mama akambatiza mtoto kwa mkono wake mwenyewe, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, kama kanisa letu linavyoruhusu mtoto anapokata roho. Alikufa maji hayajamkauka kichwani. Mchungaji alipofika aliukubali ubatizo ule, akamzika kama Mkristo. Kwa hilo Mama ameishi miaka yote hii.

Krismasi alikuuliza kitu kimoja tu: "Na Yosefina je?" Nawe, mdomo umejaa pilau yangu, ukamjibu, "Mama, yale yalikuwa maji tu."

Maji tu! Ulijua unamwambia nani?

Tangu siku ile Mama hajagusa meza ya Bwana. Kanisani anakwenda, lakini wenzake wakiinuka kwenda mbele yeye anabaki kwenye benchi, amejifunika khanga usoni. Bi Kidawa alipokuja kutusalimu na kusikia habari hizi, aliniuliza kando kama kosa ni lake, kwa vile maji aliyaleta yeye asiye Mkristo. Mwanamke wa watu!

Wiki iliyopita akaja mwinjilisti wenu, yule uliyemtuma, kumwalika Mama akazamishwe mto Ruvu. Kwa hofu uliyomtia nilidhani ataitika. Mama alimkaribisha chai, akamwacha aseme mpaka akamaliza. Kisha akamwambia, "Baba, kama binti yangu alifungiwa mlango, mimi sitaki kufunguliwa. Nitakaa naye huko huko nje."

Umesikia, Bernard? Mama yako yuko tayari kuikosa mbingu kwa ajili ya neno lako la mezani.

Omba ruhusa kazini, uje. Usije na chati wala hoja. Uje ukae chini mbele yake, umwambie kwa mdomo ule ule kwamba hukujua ulisemalo. Na kama imani yako haikuruhusu, basi uje uyarudie yale maneno huku anakutazama, nami nitakuwepo.

Nisalimie sana Kristina, na watoto uwabusu. Felician anakusalimu. Bi Kidawa pia anakusalimu, maana hajui kwamba aliyesema ni wewe.

Mungu akulinde njiani, kwa sababu nataka ufike.

Dada yako akupendaye, hata leo,
Wilhelmina