Majina Thelathini na Saba Yaliyofutwa: Kikao cha Dharura cha Chama cha Wachangia Damu, Sfax

TAREHE: Jumamosi, 20 Aprili 2019
MAHALI: Ofisi ya chama, ghorofa ya pili
KUANZA: Saa 9:20 alasiri (badala ya 9:00, Makamu alikuwa akitafuta pa kuegesha gari)

WALIOHUDHURIA
Bi Naziha Sellami, Mwenyekiti
Bw. Lassaad Masmoudi, Makamu
Bw. Abdelhamid (Hmid) Fourati, Katibu na mwandishi

MWALIKWA: Bi Emna Jallouli, mtengenezaji wa programu yetu
HAKUHUDHURIA: Bi Radhia Ghorbel, Mhazini (harusi ya mpwa wake)

KUMB. NA. 1/04/19: KUFUNGUA
Mwenyekiti alieleza kwamba Jumanne hospitali iliomba mchangiaji wa kundi O hasi kwa mama aliyekuwa akivuja damu baada ya kujifungua. Jina la Ridha Chaabane, anayeitwa wa kwanza siku zote, halikuwemo kwenye kompyuta. Alipatikana baada ya muda wa saa mbili, kwa kuulizia mitaani. Mama yu hai. Baadaye ilionekana majina 37 yamefutwa. Mwenyekiti aliagiza maneno ya wajumbe yaandikwe kama yatakavyotamkwa.

KUMB. NA. 2/04/19: HOJA YA MAKAMU
Makamu alitaka Katibu aondolewe. Alisema: "Mzee Hmid, nakuheshimu kama kaka yangu. Lakini mkono unatetemeka, kikombe cha chai chenyewe unakishika kwa miwili. Hapa mtu anakufa, bwana."

Katibu alijibu kwamba kikombe hakimo kwenye ajenda. Makamu alisema kimo. Mwenyekiti aliwanyamazisha wote wawili.

Katibu alieleza kwamba tangu mkewe afariki hii ndiyo kazi pekee inayomtoa nyumbani, na kuipoteza kutamuumiza sana.

KUMB. NA. 3/04/19: MAELEZO YA BI EMNA
Bi Emna alieleza kwamba, kwa ajili ya mkono wa Katibu, aliiagiza programu ikipeleke kishale cha kipanya yenyewe juu ya kitufe cha "Hifadhi" kila taarifa za mchangiaji zinapomaliza kurekebishwa. Katibu hubonyeza tu. Mahali pa kitufe alipapima kutoka ukingo wa kushoto wa dirisha.

Machi, kwa pendekezo la Makamu, programu ilitolewa kwenye Kifaransa ikawekwa Kiarabu. Kwa kuwa Kiarabu husomwa kutoka kulia, dirisha likageuka: cha kushoto kikaenda kulia. Kishale kikaendelea kwenda kushoto, ambako sasa kuna "Futa".

"Kosa ni langu," alisema. "Nilitakiwa kuiagiza programu itafute kitufe kilipo, siyo kuhesabu kutoka ukingoni."

Makamu alisema mwenye macho angeona. Mwenyekiti alimwambia, "Haya, kaa wewe, baba." Makamu alijaza nakala ya majaribio, macho kwenye fomu kama tufanyavyo sote, akabonyeza. Jina likafutika. Mkono wake haukutetemeka hata kidogo, na Katibu anakiri alifurahi.

KUMB. NA. 4/04/19: ORODHA
Bi Emna aligawa orodha ya majina na tarehe yalipofutwa. Mwenyekiti alitaka kufunga mjadala. Katibu aliomba nafasi. Alisema majina 36 yalifutwa baada ya mabadiliko ya Machi. La 37 lilifutwa 11 Februari, kishale kikiwa bado kinakwenda panapotakiwa. Ni la Ridha Chaabane. Mkono wa Katibu ndio uliokisukuma hadi kwenye "Futa".

Mwenyekiti: "Hmid, hakuna aliyekuuliza."

Katibu: "Najua, Bi Naziha. Liandikwe."

Katibu alitakiwa kutoka nje ili ajadiliwe.

KUMB. NA. 5/04/19: UAMUZI
(Kuanzia hapa ninaandika mimi, Lassaad Masmoudi.)

Mwenyekiti aliuliza kama hoja yangu bado ipo. Nilisema ipo, na sasa ina ushahidi. Aliuliza kama, ingekuwa mimi, ningelitaja lile jina la 37. Nilikaa kimya. Aliagiza kimya hicho kiandikwe, nami nakiandika. Kisha niliiondoa hoja.

Iliamuliwa: Bi Emna arekebishe kishale kabla ya Jumatatu, na jina lolote lisifutwe bila programu kuuliza mara ya pili. Katibu anaendelea. Kila Jumanne na Ijumaa nitakaa pembeni yake, nimsomee kitufe kabla hajabonyeza.

Nilitumwa kumwita. Alikuwa ameketi kwenye ngazi, koti ameshavaa, na funguo za ofisi ameshazitoa kwenye pete yake ya funguo.

Tulimaliza saa 11:05 jioni.

Mwenyekiti: N. Sellami
Katibu: A. Fourati