Hatua Ngapi Mbele

Jumatatu, 4 Machi

Wengi hukosea hapa: wakifungwa na programu ya sataranji, hulaumu vichwa vyao. Hawaulizi imeruhusiwa kutazama hatua ngapi mbele. Hatua ni mchezaji mmoja kusogeza kete, basi. Ikitazama mbili, inaona itakachofanya na nitakavyojibu. Ikitazama kumi – ole wako!

Naandika haya kwa sababu ya Mpima. Tulianza kazi pamoja, yeye kupima ardhi, mimi kufundisha hesabu. Tangu augue kahamia kwa mwanawe, upande wa pili wa mji, nasi tumebaki watu wa simu. Leo kasema anaacha sataranji. Programu iliyo kwenye simu yake inamchapa kila siku. Kichwa kimekwisha, anasema, nitafute mwingine wa kumsumbua.

Mwingine yupi? Humu ndani tupo mimi na redio.

Jumanne, 5 Machi

Nimeichezesha kompyuta dhidi ya yenyewe kutwa nzima. Upande mmoja hatua tatu, wa pili nne. Wa hatua nne ukaua bila huruma! Hatua moja tu ya ziada, na mtego unaonekana kabla ya kukanyagwa.

Kisha nikapandisha pande zote mbili juu sana, bado kwa tofauti ya hatua moja. Sare, sare, sare. Huko juu wote wanaona karibu yaleyale, na kompyuta inahema kwa hesabu. Faida ya kila hatua inazidi kupungua. Jambo zuri hili! Nikageuka kumweleza mtu. Kiti kitupu.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Hakuna aliyepiga.

Alhamisi, 7 Machi

Nimempigia Mpima. Nikamwambia hajazeeka kichwa, programu ndiyo imewekewa hatua nyingi mno. Akacheka mpaka akakohoa.

"Bado unafundisha? Darasa lilishatoka, Mwalimu!"

Mipangilio hajui iko wapi. Akamwita mkamwana wake, naye akaahidi ataitazama akipata nafasi. Nina hakika ni kumi, au zaidi. Ikishushwa hadi tatu atashinda, na atarudi kunitukana kama zamani. Nimekula vizuri leo.

Jumamosi, 9 Machi

Mkamwana kapiga sasa hivi. Sauti ya chini, kama mtu aliyejificha jikoni.

"Shikamoo, baba. Nimeangalia. Ni mbili."

"Kumi na mbili?"

"Mbili, baba. Mimi ndiye niliyeshusha, mwezi uliopita, ili ashinde ashinde kidogo. Usimwambie."

Mbili! Mbili hufungwa na mwanafunzi aliyejifunza juzi.

Akaendelea. Jana mzee alimsogeza farasi, kete ya kuruka kwa kupinda, moja kwa moja mbele, kama ngome. Simu ikakataa. Akarudia. Ikakataa. Akaigombeza, akaiita mbishi, kisha akamuuliza mkamwana kama farasi wamebadilishiwa sheria.

Nyuma yake nikamsikia mwenyewe: "Nani huyo? Kama ni Mwalimu, mwambie nimelala!"

Mkamwana akauliza nifanyeje, baba, nikamwambia ngoja nifikiri. Nifikiri nini? Nilikuwa na hesabu zote isipokuwa hii. Bado ananijua kwa kazi yangu, bado ana utani. Sijui hatua inayofuata.

Vaa viatu, Mwalimu, uende kwake leo.