Orodha Niliyompa Akoth

Baba,

Hili sijamwambia mtu, hata Mama. Siku tulipokuzika nililia mpaka shangazi wakanishika mabega, wakasema mtoto huyu alimpenda sana baba yake. Nilikupenda. Lakini pale kaburini sikuwa nikikulilia wewe. Nililia kwa sababu baba mdogo alitupanga kwa umri ili tutupe udongo, akamweka mbele yangu msichana ambaye sikuwa nimemwona maishani, mwenye paji la uso lako.

"Huyu ni Akoth, binti yake wa Nairobi," alisema. "Amemzidi Adhiambo miezi miwili."

Miezi miwili, Baba. Udongo wake ndio uliokufikia kwanza.

Tangu uondoke nimemaliza kidato cha nne. Lori lako limechukuliwa na mtu wa Katito, na nikisikia honi yake barabarani bado nasimama. Mama hamtaji Akoth. Akoth akipiga simu, Mama hunipa ile simu haraka, kama sufuria iliyotoka jikoni sasa hivi. Na Akoth anapiga kila wiki. Amenialika Nairobi mwezi ujao nikae nao siku saba, na kwa kuwa anajua sijawahi kufika mji mkuu, aliniandikia orodha ndefu ya mahali pa kutembelea.

Nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma vitabu vya mtihani. Kila mahali upo wewe.

"Anza na makumbusho ya reli, asubuhi, kabla watoto wa shule hawajajaa. Panda injini moja nyeusi, ukae pale pa dereva. Baba alisema mji wote ulianzia hapo, ulikuwa kambi tu ya watu waliojenga reli ya kuja kwenu ziwani." Halafu juu kabisa ya lile jengo la mikutano: "Simama upande jua linakozama. Baba alikuwa ananyoosha kidole, anasema Kisumu iko kule." Halafu bustani ambayo kila mti umeandikwa jina lake. "Vaa viatu vya kutembea. Na simu usitoe barabarani, dada, watakunyang'anya."

Mimi uliniambia Nairobi ni moshi na msongamano wa magari. "Ukimaliza shule nitakupeleka, nyathina, mwanangu." Nilikuamini. Viatu ulivyoninunulia kwa safari hiyo bado vimefungwa kwenye karatasi yake. Kumbe ulikuwa ukipanda lile jengo na mtu mwingine, ukimwonyesha niliko.

Akoth aliniomba nami nimwandikie mahali pa kuona Kisumu. Nikaandika vizuri kabisa: bandari ya zamani, makumbusho, mnara wa saa, mawe ya Kit Mikayi. Orodha ambayo mgeni yeyote angepewa hotelini. Sikuandika Dunga.

Dunga ni yetu. Kila uliporudi na lori tulikwenda kwenye kile kibanda cha mwisho ufukweni, benchi linaloyumba, tukanawa mikono, tukawekewa ngege mzima na ugali. Ulikuwa unamchokoa samaki kwa kidole, unatoa nyama ya mashavuni, unaiweka upande wangu. Mashavu yote mawili. Mwenye kibanda alikuwa anakutania, "Mzee, huyu binti yako anaongea na samaki peke yake?" Nawe ukamjibu, "Anaongea. Samaki hamkatizi." Mimi niliangalia sahani, nikacheka kimoyomoyo.

Jana Akoth aliandika tena.

"Asante kwa orodha, dada. Lakini mbona hakuna mahali pa kula? Baba hakuwahi kula samaki hapa Nairobi, hata wale aliowabeba mwenyewe kwa lori. Mama yangu akiwapika, Baba anasukuma sahani, anasema samaki yeye hula na Adhiambo. Nilikuchukia kabla sijakujua. Niliacha siku ile nilipoona unavyomlilia. Ni wapi hapo mlipokuwa mnakula?"

Nilifurahi, Baba. Nitasema kweli, nilifurahi vibaya, nikatembea nyumbani kama mtu aliyeshinda kesi. Ndipo nikamwona Akoth akilini, mezani kwao, anaangalia sahani uliyoisukuma. Alikuwa na reli na jengo refu na ile miti yote, na bado alitaka benchi langu linaloyumba. Njaa hiyo naijua.

Sijamjibu. Nitamjibu nikimaliza kukuandikia. Nairobi nitaenda, na viatu nitavifungua. Nitakaa pale pa dereva, na juu ya jengo nitasimama pale uliposimama, nitazame kwetu. Bado nitaona wivu, usidhani umekwisha. Nitauona kila ngazi.

Na akija huku, nakuahidi nitampeleka Dunga. Kwenye benchi nitakaa pale pako; yeye atakaa pangu. Samaki ana mashavu mawili, Baba. Moja nitampa.

Kaa vizuri huko uliko. Ila lile nililokuambia mwanzo, la kaburini, libaki huko kwako. Akoth alinipenda kwa machozi yale. Usimwache ajue yalikuwa ya nini.

Binti yako,
Adhiambo