Ngome Yangu ya Ruiru Imefura Tumbo

Jumamosi, Ruiru. Mvua imetulia kidogo, lakini mawingu ya upande wa Thika bado yamekasirika.

Mimi pia.

Mwezi uliopita semina ya wanaume kanisani ilituletea mwalimu wa leadership, suti inang'aa kama sahani. Akatuonyesha picha za Sigiriya, ikulu ya zamani huko Sri Lanka, imejengwa juu ya mwamba mmoja mkubwa. "Kiongozi anakaa juu!" akapiga kelele. Tukaitikia amina kama watoto wa Sunday school.

Nikarudi hapa estate, mimi chairman, nikajiona mfalme. Nikaambia fundi azibe yale matundu ya kutoa maji ya mvua chini ya ukuta wetu. Ati yanaingiza panya na mbwa wa watu wa chini. Ati ukuta wa watu wa maana hauna matundu.

Ujinga mtupu.

Juzi Mama Akinyi, anayeishi kwa zile nyumba za mabati nyuma ya ukuta, alikuja gate kusema ukuta unawalalia. Nikaambia soja amrudishe. Hata kwa nyumba sikutoka.

Leo asubuhi nikaenda kuangalia. Udongo wetu ni black cotton, ukinywa maji unafura. Mvua yote imejaa upande wetu, na ukuta umetoa tumbo kuelekea pale watoto wa Mama Akinyi wanalala.

Nikashuka na mtaimbo na jembe.

"Chairman! Kumbe unajua njia ya huku?" Mama Akinyi alikuwa amebeba godoro kichwani, anahama. Majirani wakacheka.

"Mama, nataka kufungua matundu."

"Ufungue maji iende wapi? Kwa sufuria yangu? Chimba mtaro kwanza, baba. Na uchimbe wewe."

Nimechimba. Wamenitazama wakitafuna njugu. Maji imetoka, lakini tumbo la ukuta halijarudi.

Mchana nikasoma hiyo Sigiriya vizuri. Mafundi wake walichonga mifereji kwa mwamba, wakapea maji njia. Mpaka leo mvua ikinyesha chemchemi za bustani zinaruka. Na mfalme? Wanasema siku ya vita jeshi lilimwacha peke yake. Hiyo Bwana Suti hakutuonyesha. Lakini nisimsingizie. Hakuna mtu alinishika mkono nimfukuze mama wa watu.

Nimeandika kwa group ya estate kwamba ukuta lazima utoke, na wameshaanza: ukuta ukitolewa, security itakuwa aje? Security! Watu wanaogopa panya kuliko wanavyoogopa kuua watoto wa jirani. Na mimi ndiye niliwafundisha.

Nilimwambia Mama Akinyi arudi kesho. "Nitarudi huo ukuta ukilala chini," akasema, "sio wewe ukiongea." Akapeleka watoto kwa dadake Juja.

Kesho, kunyeshe ama kusinyeshe, naubomoa, na uangukie upande wetu. Wakitaka chairman mwingine wamtafute. Mimi watanipata hapo nyuma na nyundo.